Nukta Kumi na Mbili za Nyakuron

Jumamosi, saa 2:10 asubuhi

Ramani ilikuwa karatasi nane zilizounganishwa kwa utepe wa gundi. Ilitandazwa juu ya ubao, na ubao ulilala juu ya ndoo mbili za dawa ya nywele. Saluni ya Lilly ilikuwa mbele, imefungwa. Wao walikuwa chumba cha nyuma, watu wanne, mtaa wa Atlabara, dirisha limezibwa kwa shuka.

Juba nzima ilionekana kutoka juu. Mabati, vumbi, mto upande wa kulia. Na juu ya picha, nukta. Nyekundu ilikuwa wizi wa silaha. Nyeusi ilikuwa mauaji.

Kila nukta ilikuwa kazi ya Duku. Kwa miaka miwili alikuwa karani katika ofisi ya taarifa za usalama ya mashirika ya misaada. Watu walipiga simu, yeye akajaza fomu: saa, aina ya tukio, mahali, jina la mtoa taarifa. Kisha akaweka nukta kwenye ramani ya mtandaoni. Mashirika yote yaliifungua ramani hiyo kila asubuhi kabla ya kutoa magari. Kila Alhamisi wakuu wa polisi na wa mashirika walikaa pamoja mbele ya ramani hiyo. Nukta ziliposongamana, pikapu za doria zilipelekwa huko.

Mwezi wa nane Duku alimweleza Makuach jambo hilo, kama mtu anayelalamikia kazi yake tu. Makuach alikulia Nairobi. Aliweka chupa chini akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo karao wanafuata nukta," alisema. "Basi tuwape nukta."

Lilly ndiye aliyepiga simu. Simu kumi na mbili kwa wiki tatu, laini sita, sauti ya muuguzi, sauti ya mke wa mchungaji, sauti ya mama muuza nguo. Zote kuhusu mtaa wa Nyakuron. Wizi kumi na moja ambao haukutokea. Jumatano, kabla ya kikao, Makuach alitaka nukta nyeusi. Lilly akapiga tena. Akasema mlinzi ameuawa, ameacha watoto watatu.

Lilly hakuzijua njia za Nyakuron, kwa hiyo hakutaja nyumba wala kona. Ofisi ilikuwa na kawaida yake. Mpigaji akishindwa kutaja mahali hasa, nukta iliwekwa penye jengo linalojulikana zaidi mtaani, na kwenye fomu ikaandikwa *pamekadiriwa*. Hivyo nukta zote kumi na mbili zilirundikana juu ya paa moja, paa la kituo cha utamaduni. Alhamisi wakuu walizitazama. Ijumaa pikapu mbili za doria za mtaa wa Hai Jalaba zikahamia Nyakuron.

"Sikizeni mara ya mwisho," Makuach alisema, akaweka kidole Hai Jalaba.

Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi kulikuwa na ofisi ya mnunuzi wa dhahabu. Kila Jumamosi dhahabu ya Kapoeta ilipimwa hapo kabla ya ndege ya mchana. Ilikaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Saa tano kamili mlinzi wa mlangoni huenda kunywa chai. Lilly ataingia kwanza na hereni ya kupimwa, mzee mwenye ofisi afungue mkebe atoe mizani. Makuach ataingia nyuma yake na bastola. Erisa atakaa kwenye gari, injini ikiwaka. Kisha daraja, kisha barabara ya Nimule mpaka mpakani.

Duku atakuwa ofisini. Jumamosi alikuwa zamu peke yake, na kila taarifa ya mji ilipita kwake kwanza.

"Dakika nne," Makuach alisema. "Ya tano si yetu."

Erisa alikuwa akiitazama Nyakuron. Alikuwa mtu mpole mwenye mabega makubwa. Yeye na Duku walikaa dawati moja katika shule ya kambi ya wakimbizi, Adjumani, Uganda.

"Na huko watu iko wanafikiri nini?" aliuliza.

"Wanafikiri wameibiwa. Na hakuna aliyeibiwa. Hilo ni kosa gani, Erisa?"

Lilly alicheka. Duku pia alicheka kidogo. Alikuwa amewaambia kwamba anataka kumjengea mama yake nyumba ya matofali Kajo Keji. Ilikuwa kweli. Hakuwaambia kwamba alitaka pia kuona kama hesabu yake ingekubali. Ilikuwa imekubali.

Saa 3:05

Simu ya Duku ililia. Alitoka uani kuipokea.

Ilikuwa Betty, mke wa Gaetano. Gaetano alikuwa mdogo wake Duku, tumbo moja. Walifika kutoka Adjumani miezi miwili iliyopita na pikipiki moja. Duku ndiye aliyemtafutia stegi ya kungojea abiria. Alichagua lango la kituo cha utamaduni cha Nyakuron, kwa sababu waendeshaji pale walikuwa wachache.

Betty alieleza haraka, bila kulia. Tangu Alhamisi vijana wa mtaa walikuwa wakilinda. Wafanyakazi wa mashirika walikuwa wamewaambia majirani zao kwamba majambazi wanakutana penye kituo cha utamaduni. Alfajiri vijana wakamkuta Gaetano langoni. Mgeni, pikipiki yenye namba za Uganda, Kiswahili cha Uganda, karatasi ziko nyumbani. Walimpiga kwa mawe na mpini wa jembe. Polisi walimnyang'anya kutoka mikononi mwao, wakamfungia kituo chao kidogo cha karibu. Sasa watu wamejaa nje ya kituo wakidai arudishwe kwao.

"Shemeji, wanasema ameua mlinzi," Betty alisema. "Mlinzi gani? Wewe uko ofisi ya mambo hayo. Waambie."

Duku alirudi ndani. Aliwaeleza wenzake, maneno machache. Hakuna aliyecheka.

"Pole, ndugu," Makuach alisema. Alionekana kumaanisha. "Lakini ona. Zile pikapu mbili sasa zinazuia watu pale kituoni. Haziwezi kutoka. Ni kama tumezifunga kamba."

"Nipige simu moja. Niseme taarifa zilikuwa za uongo."

"Utajuaje ni za uongo? Watauliza hivyo. Utajibu nini?"

Duku aliitia simu mfukoni.

"Saa tano na robo piga simu yoyote unayotaka," Makuach alisema. "Kabla ya hapo wewe ni wangu, karani."

Akamgeukia Lilly, akampa bastola ya pili. Alimwambia aende na Duku ofisini, akae naye. Erisa akauliza nani ataingia kwa mzee na hereni. Makuach akasema ataingia peke yake.

"Peke yako ni kazi ndefu," Erisa alisema. "Dakika nne haiwezi."

"Basi zitakuwa sita."

Mlangoni Erisa alimshika Duku bega.

Saa 3:50

Mlinzi wa geti la ofisi aliandika jina la Lilly kwenye daftari la wageni, akawafungulia. Jenereta ilikuwa ikiunguruma. Duku aliwasha kompyuta, akangoja mtandao wa dishi uamke. Lilly aliketi kiti cha wageni, mkoba magotini, mkono ndani ya mkoba.

Picha ilijitokeza polepole, kipande kwa kipande. Ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Ilionyesha nyumba zilizokwisha kubomolewa na haikuonyesha zilizojengwa. Kisha nukta zikatokea. Rundo la Nyakuron lilikuwa nene kiasi kwamba paa halikuonekana.

Duku aliivuta picha karibu. Chini ya nukta, kando ya lango, palikuwa na kipande cha udongo mweupe, kilichokanyagwa. Stegi.

"Ni Gaetano gani?" Lilly aliuliza. "Yule alikuja saluni kukuletea maharagwe?"

"Ndiye."

Lilly alitazama ukuta. "Ya Duku, mimi sikujua atakuwa pale."

"Mimi nilijua," Duku alisema. "Nilimweka mwenyewe. Na nukta niliziweka mwenyewe."

Saa 4:25

Simu ya ofisi. Lilly alimwashiria aweke sauti ya wazi.

Alikuwa Sajenti Yangi. Kila Alhamisi ndiye aliyekuwa akija kuisoma ramani, mtu mzima wa Yei, Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi na cha Uganda pamoja. Nyuma yake kelele za watu zilipanda na kushuka. Alisema yuko na askari saba na watu mia tatu nje. Alisema mtuhumiwa anatapika damu, na dereva hawezi kutoa gari getini, watu wamelala mbele ya magurudumu.

"Sasa sikia, Duku. Mimi nataka kitu moja. Huyo mlinzi iliuawa, jina lake nani? Kampuni gani? Mimi natafuta maiti tangu Alhamisi. Hospitali hakuna. Kanisa hakuna. Mke haiko, watoto haiko. Watu inaniuliza. Kama iko, sema iko. Kama haiko, sema haiko, mimi nitaenda kusimama juu ya gari niambie wao."

Lilly alitoa bastola, akailaza juu ya mkoba. Hakuielekeza kwake. Aliilaza tu.

"Niangalie kwenye faili, sajenti," Duku alisema. "Nitakupigia."

"Pesi pesi. Huyu mutu anakwenda."

Yangi hakujua kwamba huyo ni ndugu yake Duku. Duku alirudisha simu mahali pake.

Saa 4:52

Erisa alipiga. Wameshafika Hai Jalaba. Gari liko chini ya bango la tangazo la rangi, hatua thelathini kutoka dukani. Mlinzi bado yuko mlangoni. Mji uko kimya. Hakuna doria.

Kisha akauliza, sauti ya chini, Gaetano anaendeleaje. Makuach alisikika akisema laini iachwe wazi kwa kazi.

Saa 5:03

Mlinzi alikwenda kunywa chai akiwa amechelewa dakika tatu. Makuach alivuka barabara na mkoba wa ngozi, suti ya kijivu, kama mtu wa benki. Erisa alimwona akiingia. Alitazama saa ya gari.

Ndani, mzee mnunuzi alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha Makuach kiti. Mkebe haukuwa mezani. Kama Lilly angekuwepo na hereni yake, mkebe na mizani vingekuwa vimeshatoka. Makuach aliketi. Alianza kueleza habari za dhahabu anayotaka kununua, na mzee akaendelea kuongea na simu, kidole juu, ngoja kidogo.

Saa 5:06

Ofisini simu ya mkononi ya Duku ililia. Betty.

Safari hii alikuwa akilia. Polisi walikuwa wamemruhusu kuingia. Gaetano hamtambui tena. Anaomba maji, akipewa anayarudisha mekundu. Daktari aliyeletwa amesema kitu ndani kimepasuka, apelekwe kupasuliwa sasa hivi, si baada ya saa moja. Nje wameanza kurusha mawe juu ya bati.

"Shemeji, sema nao. Wewe watakusikia."

Duku alisema amesikia. Alikata simu. Alimgeukia Lilly.

"Yule mlinzi aitwa nani?"

"Nani?"

"Yule uliyemuua Jumatano."

Lilly aliangalia juu. Feni ya dari ilizunguka.

"Nilimpa watoto watatu," alisema. "Jina sikumpa."

"Gaetano anaye mmoja. Ana miezi minne."

"Unajua Makuach atafanya nini."

"Najua. Na Erisa yuko kwenye gari."

Lilly aliitazama bastola kana kwamba mtu mwingine ameisahau pale. Akairudisha mkobani. Akasimama, akarekebisha kitambaa cha kichwa mbele ya kioo cha dirisha, kwa uangalifu, kama anavyowafanyia wateja wake.

"Mimi natoka nje," alisema. "Mlinzi wa geti ameandika jina langu. Khalas, ameandika. Nipe dakika tano nifike kituo cha mabasi."

"Mdogo wangu hana dakika tano."

"Mbili."

"Mbili," Duku alisema.

Viatu vyake vilisikika kwenye kokoto, kisha havikusikika tena. Duku alitazama saa ya kompyuta. Dakika moja. Alitumia ya pili kumpigia Erisa.

Saa 5:09

"Tia gia uondoke," alimwambia. "Sasa. Usimngoje."

Injini ilisikika upande wa Erisa.

"Umeshasema?"

"Bado. Nasema sasa hivi. Gaetano anakufa, Erisa."

"Sawa," Erisa alisema. Hakukuwa na hasira ndani yake. "Sema. Ungekosa kusema, mimi ningekuuliza siku moja."

"Basi ondoka. Shuka utembee, uache hata gari."

"Makuach iko ndani peke yake. Alinibeba mgongoni wakati ya malaria, kutoka Magwi mpaka barabara kubwa. Wewe unajua. Mimi siwezi acha yeye ndani." Alivuta pumzi. "Piga simu, Duku. Mimi nangoja yeye."

Laini ikakatika.

Duku alipiga kituo cha polisi. Yangi alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Hakuna mlinzi aliyeuawa," Duku alisema. "Hakuna wizi hata mmoja. Zote kumi na mbili ni za uongo. Nilikuwepo simu zilipopigwa, nikaziandika nikijua. Mtu mliye naye ni mdogo wangu. Hajafanya lolote. Panda juu ya gari uwaambie, taja jina langu, waambie ofisi ninayofanyia kazi."

Kelele ya watu ilijaza simu.

"Kwa nini?" Yangi aliuliza.

"Ili mtoke Hai Jalaba. Wako huko sasa, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa mnunuzi wa dhahabu. Gari jeupe chini ya bango la rangi." Kisha akaongeza, "Dereva hana silaha. Sajenti, dereva hana silaha."

Saa 5:16

Yangi alipanda juu ya gari akawaambia. Watu walisikia, na si wote walioamini. Lakini waliolala mbele ya magurudumu waliinuka kuulizana, na hilo lilitosha. Pikapu ya kwanza ilitoka na Gaetano kwenye mkeka, Betty ameshika kichwa chake. Ikageukia hospitali. Ya pili ikaenda Hai Jalaba.

Saa 5:24

Dakika ishirini na moja tangu Makuach aingie, na mlinzi alikuwa bado hajarudi kutoka kwenye chai. Mzee alikuwa amemaliza simu yake, ameita chai, ameuliza habari za Nairobi. Alipofungua kabati na kutoa mkebe, Makuach alimwonyesha bastola na kumwomba kwa heshima alale chini. Mzee alilala.

Alitoka na mkebe kwapani. Alikuwa akitembea, hakukimbia. Erisa alishafungua mlango wa nyuma.

Pikapu ilikata kona.

Makuach alifyatua kwanza, risasi mbili. Askari walijibu wakiwa bado kwenye mwendo. Erisa alikanyaga mafuta, akaliingiza gari katikati, kati ya pikapu na Makuach, ubavu kwa ubavu, akasimama. Huenda alitaka Makuach apande. Huenda alitaka kumkinga. Kioo chake kilipasuka chote mara moja.

Makuach alilitazama gari. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi bado. Aliweka mkebe chini taratibu, akaweka bastola kando yake, akakaa ukingoni mwa mtaro. Walipomfunga alikuwa akiuliza kama kuna mtu amemwangalia dereva.

Saa 6:40 mchana

Yangi alikuja ofisini mwenyewe, na askari mmoja aliyebaki mlangoni. Damu iliyokauka ilikuwa kwenye mkono wa shati lake. Alisema Gaetano amepasuliwa. Bandama imetolewa. Anapumua, na amemwita mkewe kwa jina.

"Mke yake iko pale naye," alisema. "Ataishi."

Kisha akasema juu ya dereva. Alisema kwa sauti ile ile, akiitazama ramani.

Duku alikuwa hajatoka kwenye kiti. Nyakuron kwenye skrini ilikuwa safi. Alikuwa amezifuta moja moja, kumi na mbili, na paa la kituo cha utamaduni lilionekana tena, na lango, na udongo mweupe wa stegi.

"Niongeze moja, sajenti. Kisha nitakuja."

Yangi alichomoa pingu, akaziweka mezani kando ya kibodi, akavuta kiti cha wageni.

"Maliza kazi yako," alisema.

Duku alifungua fomu mpya. Aina ya tukio: kifo kwa risasi. Saa: tano na dakika ishirini na nne. Jina la marehemu. Aliandika Erisa, akaandika jina la baba yake, akaandika kijiji, kwa sababu nafasi ilikuwepo na yeye aliyajua yote. Mtoa taarifa: akaandika jina lake mwenyewe.

Kisha akaivuta picha karibu, Hai Jalaba, njia kwa njia, mpaka bati la duka likajaza skrini. Mahali pale kwenye picha ya zamani palikuwa na lori limeegeshwa, na kivuli chake. Alipima hatua thelathini kutoka mlangoni. Alimwuliza Yangi gari lilielekea wapi, na Yangi akainama, akaonyesha kwa ukucha. Duku akaweka nukta nyeusi.

Fomu iliuliza swali la mwisho, lile lile inalouliza kila mara. Mahali panajulikana hasa, au pamekadiriwa?

Duku alichagua *panajulikana hasa*, akabonyeza, akangoja mtandao upokee. Ulipopokea alisukuma kibodi kando, akamnyooshea Yangi mikono.